Mamalia mdogo kuliko wote: popo wa Kitti, kirukanjia wa Etruria au kipanya wa Afrika?

Ukitafuta jina la mamalia mdogo kuliko wote duniani, kitabu kimoja kitakupa popo na kingine kitakupa kirukanjia. Ukiuliza shambani utaonyeshwa kipanya anayeenea kwenye kijiko. Mwalimu anayeandaa somo, mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti na mtu anayetunga maswali ya chemshabongo wote hukwama hapo, kisha huchagua jina la kwanza waliloliona. Vitabu hivyo havidanganyi, ila kila kimoja kimeshika rula yake. Kwa hiyo tuanze na rula, wanyama watafuata.

Vigezo

*Uzito.* Mzani wa jikoni haufai, maana mwingi husoma gramu nzima tu: mnyama wa gramu 1.6 na wa gramu 2.4 wote utawaandika 2. Unahitaji mzani kama wa sonara, unaosoma hadi gramu 0.01. Mnyama anawekwa kwenye mfuko mdogo mwepesi, anapimwa, kisha uzito wa mfuko unatolewa. Hata hivyo namba moja haitoshi. Jike mwenye mimba hupotosha hesabu, na aliyetoka kula hupotosha pia. Kielelezo kilichokaa kwenye spiriti miaka kumi hakilinganishwi na mnyama aliye hai.

*Urefu wa mwili.* Hupimwa toka ncha ya pua hadi tundu la haja kubwa, mnyama akiwa amelazwa chali bila kuvutwa. Mkia hupimwa peke yake. Makosa mengi ya mitandaoni huanzia hapa: mmoja kapimwa pamoja na mkia, mwingine bila mkia, halafu wanawekwa kwenye jedwali moja.

*Fuvu.* Kipimo hiki hakibadiliki kwa shibe wala kwa spiriti, ndiyo maana watu wa makumbusho hukiamini.

Baada ya vipimo hivyo vitatu kuna maswali ya vitendo: anaishi wapi, anaishije, anaonekana kwa njia gani bila kumdhuru, na anamfaa nani.

Kabla ya kuendelea, weka uzito wenyewe mkononi. Punje ya mahindi makavu ina kama gramu 0.3. Hesabu sita, zilaze kwenye kiganja na ufumbe macho. Huo ndio uzito wa kirukanjia wa Etruria mzima, pamoja na moyo, ubongo, meno na manyoya yake. Wanafunzi wakishika punje hizo hawasahau tena.

Popo wa Kitti

*Vipimo.* Mwili ni milimita 29 hadi 33, na uzito ni kama gramu 2. Fuvu ni la milimita 11 hivi. Kwa urefu wa mwili na kwa fuvu hakuna mamalia aliye hai anayemshinda kwa udogo. Mkia hauonekani, na hilo nalo linamfupisha. Jihadhari na mabawa: yakikunjuliwa yanakaribia sentimita 15, hivyo mchoro wa popo anayeruka ukiwekwa kando ya kirukanjia humfanya aonekane jitu. Ukichora, mchore amekunja mabawa. Pua yake imevimba na kukatika mbele kama ya nguruwe, masikio ni makubwa, na macho yamezama kwenye manyoya.

*Anakoishi.* Magharibi mwa Thailand, hasa mkoa wa Kanchanaburi, kwenye mapango ya mawe ya chokaa kando ya mto Khwae Noi. Mwaka 2001 alipatikana pia kusini-mashariki mwa Myanmar. Mtaalamu wa Thailand, Kitti Thonglongya, alimkusanya mwaka 1973, akafariki mwanzoni mwa 1974 kabla ya kumtangaza. Mwenzake Mwingereza, John Edwards Hill, ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka huohuo na kumpa jina la marehemu. Popo huyu yuko peke yake katika familia nzima ya kizuolojia, na kumpoteza ni sawa na kung'oa tawi zima.

*Anavyoishi.* Pango moja huwa na popo 100 hivi kwa wastani, ingawa mengine hufikisha 500, na hutundikwa wakiachiana nafasi. Jioni hutoka kwa dakika 30 hivi na alfajiri dakika 20, wakakamata wadudu warukao na wengine juu ya majani. Mvua kubwa au baridi ikiwakatisha, wamekosa mlo. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo pango likivurugwa idadi hairudi upesi.

*Kumwona na kumchunguza.* Usiingie pangoni. Mwanga na kelele huwaamsha, na popo wa gramu 2 hana akiba ya nguvu ya kuchezea. Kaa nje, pembeni ya mdomo wa pango, kabla jua halijazama. Anayetaka kumsikia lazima awe na kinasa sauti cha popo, kwa sababu mlio wake uko kilohezi (maelfu ya mitetemo kwa sekunde) 70 na zaidi, wakati sikio la binadamu huishia 20 hivi. Kanuni ni kwamba kifaa kichukue sampuli angalau mara mbili ya mlio unaoutafuta. Simu ya kawaida huchukua kilohezi 48, maana yake inakomea sauti za 24. Ndiyo maana mtu hurudi na saa tatu za rekodi zenye mlio wa nyenje tu. Weka kinasa kwenye kilohezi 256 au 384.

*Anamfaa nani.* Anamfaa anayeeleza mapango na uhifadhi, au anayetaka mshindi wa urefu. Hamfai mtu anayehitaji mnyama wa kumfikia kwa urahisi.

Kirukanjia wa Etruria

*Vipimo.* Uzito wa wastani ni gramu 1.8, na wazima wengi wako kati ya 1.2 na 2.7. Mwili ni milimita 35 hadi 50, na mkia wa sentimita 2.5 hadi 3 huongezeka juu ya hapo. Kwa uzito ndiye wa mwisho chini. Mtoto huzaliwa akiwa na gramu 0.2, yaani hafikii hata punje moja ya mahindi.

Hapa wengi huteleza kwenye jina. Kirukanjia si panya. Panya ni mguguna mwenye meno ya mbele kama patasi. Kirukanjia ana pua ndefu inayochezacheza, macho madogo sana, na safu ya meno makali ya kusaga wadudu. Wala si sange, yule mwenye pua ya kupinda na miguu mirefu. Sange yuko kwenye ukoo mwingine kabisa.

*Anakoishi.* Mtaalamu Mwitalia Paolo Savi alimwelezea mwaka 1822, lakini Italia ni kipande tu cha eneo lake. Anapatikana nchi zinazoizunguka Mediterania, Afrika ya Kaskazini, Rasi ya Arabuni hadi Oman, na mashariki hadi kusini mwa Asia. Ulaya hupenda kuta za zamani za mawe yaliyopangwa bila saruji, kwenye mashamba ya mizeituni na mizabibu: nyufa zake zina wadudu, joto, na hazipitiki na paka.

*Anavyoishi.* Hapa ndipo mnyama huyu anaposhangaza. Moyo wake umepimwa ukipiga mara 1,511 kwa dakika, yaani mara 25 kila sekunde. Kwa siku hula mara moja na nusu hadi mara mbili ya uzito wake, kwa vipindi vinavyofika 25. Sababu ni hesabu ya ngozi na nyama. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 10: una sentimita za mraba 600 za uso kwa sentimita za ujazo 1,000 za ndani, yaani 0.6 kwa 1. Mchemraba wa sentimita 1 una 6 kwa 1. Ndivyo chai ya kikombe inavyopoa wakati ya sufuria bado inafuka. Mwili mdogo ni kikombe kidogo mno, na moto wake lazima uchochewe mchana na usiku.

Chakula kikikosekana na baridi ikiingia, ana njia ya kujinusuru: hujizimisha. Joto la mwili hushuka hadi nyuzi 12 za Selsiasi, mapigo hupungua, kisha hutetemeka mpaka anapata joto tena. Anayemkuta katika hali hiyo humdhania amekufa na kumtupa.

Kuwinda kwake hakutegemei macho. Masharubu hugusa nyenje, na ndani ya milisekunde 25 hadi 30 kichwa kimeshageuka na kuuma. Nyenje huyo anaweza kukaribia ukubwa wake mwenyewe. Maabara za ubongo mjini Berlin zinamchunguza kwa sababu hii hasa: gamba la ubongo wake lina unene wa nusu milimita tu, hivyo mengi huonekana kwa mara moja.

*Kumwona na kumchunguza.* Mtego wa kufyatuka haumkamati, kwa sababu gramu 1.8 hazitoshi kukifyatua kibao. Njia ni ndoo zilizofukiwa ardhini, mdomo ukiwa sawasawa na udongo. Mpangilio ambao umetumika miaka mingi kwenye milima ya Tanzania kutafuta virukanjia wa huko unafaa kuigwa: ndoo 11 kwa mstari, mita 5 toka moja hadi nyingine, na uzio wa karatasi ya plastiki wenye kimo cha sentimita 50 unaopita katikati ya ndoo zote. Kirukanjia hutembea akifuata ukuta, uzio unamwongoza mpaka anatumbukia.

Yanayoharibika ni haya. Ndoo isiyotobolewa chini hujaa maji mvua ikinyesha, na wanyama wakafa maji. Ukingo ukibaki juu ya udongo hata sentimita moja, kirukanjia huuzunguka. Uzio ukiachwa na mwanya chini, wote hupita hapo. La kuumiza zaidi ni kuchelewa: mnyama anayekula mara 25 kwa siku akiachwa ndooni usiku kucha utamkuta mfu. Kwa utafiti wa wanyama hai, pitia ndoo kila baada ya saa mbili au tatu, weka pamba au majani makavu, na uache wadudu ndani. Usipoweza kukesha, usitege. Kibali nacho ni lazima: Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Kenya ni NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori).

Kuna njia isiyomgusa mnyama hata mmoja. Bundi humeza windo zima, kisha hutapika tonge la manyoya na mifupa. Okota matonge hayo chini ya kituo chake, yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu, yatenganishe kwa kibano. Ukiona pengo kubwa baada ya meno ya mbele, hilo ni fuvu la panya. Meno yakiwa mfululizo bila pengo, ni kirukanjia. Sasa chukua lenzi inayokuza mara 10, uhesabu taya la juu, upande mmoja, vijino vyenye ncha moja vilivyo baada ya jino kubwa la mbele: vitatu ni Crocidura, vinne ni Suncus au Sylvisorex (hayo ni majina ya kisayansi ya makundi ya virukanjia; yule wa Etruria ni Suncus). Kijino cha nne ni kidogo mno, na wengi humtaja kimakosa kwa kutokigeuza kichwa kwenye mwanga.

*Anamfaa nani.* Anamfaa mwalimu wa fiziolojia na mtu anayetaka mshindi wa uzito. Hamfai mwenye ratiba ya kulala.

Kipanya mdogo wa Afrika

*Vipimo.* Uzito ni gramu 3 hadi 12, mwili kati ya sentimita 5 na 8. Kwa rula zote tatu anashindwa na wale wawili. Tena kwenye miguguna kuna mpinzani: jerboa (mguguna arukaye kwa miguu ya nyuma) mdogo wa Baluchistan, Pakistani, ana mwili wa sentimita 4.4 hivi na uzito usiofika gramu 4. Kwa hiyo usiandike kwamba kipanya wetu ndiye mdogo kuliko wote duniani. Andika kwamba ni miongoni mwa miguguna wadogo kabisa, hapo huna wa kukusahihisha.

*Anakoishi.* Afrika kusini ya Sahara. Jina Mus minutoides hutumika kwa upana, lakini Afrika ya Mashariki kuna spishi kadhaa za kundi dogo liitwalo Nannomys, zinazofanana mno kwa macho. Ziko kwenye nyasi, kingo za mashamba na vichaka.

*Anavyoishi.* Anakula mbegu na wadudu. Kwenye sehemu kavu hupanga vijiwe mbele ya tundu lake. Usiku umande hukusanyika juu ya vijiwe, na alfajiri anaulamba. Mimba ni siku 20 hivi. Kwa wanafunzi wa jenetiki ana jambo zito: majike wengi wa Mus minutoides wana kromosomu X na Y, mpangilio ambao kwa mamalia karibu wote ni wa dume, na bado wanazaa vizuri.

*Kumwona na kumchunguza.* Mtego wa sanduku unamfaa kibao kikirekebishwa kiwe chepesi. Nazi iliyokaangwa ikapakwa siagi ya karanga ni chambo kizuri. Akiingia kwenye ndoo fupi huruka akatoka, hivyo kina kisipungue sentimita 25. Kosa la kawaida ni kumchanganya na mtoto wa panya wa nyumbani. Tazama wayo wa nyuma: kwa kipanya mzima mara nyingi hauzidi milimita 15, wakati panya wa nyumbani hukua nyayo mapema na kupita hapo. Tazama na tumbo: kipanya wetu huwa na tumbo jeupe lililokatana wazi na ubavu wa rangi ya kutu.

Wanaomfuga Ulaya humweka kwenye tangi la kioo lenye kifuniko cha wavu mwembamba, kwa sababu kwenye nyavu za kawaida za panya hupenya. Hashikwi kwa mkia, huongozwa aingie kwenye kikombe. Usimfuge aliyetoka porini: hubeba viroboto na vimelea, na hofu humuua haraka.

*Anamfaa nani.* Anamfaa mwanafunzi aliye Morogoro, Kitui au Gulu mwenye bajeti ndogo na wiki chache.

Wengine wa kufikiriwa

Popo wa migomba anastahili kutajwa kabla ya yeyote. Ana gramu 2 hadi 5, na analala ndani ya jani changa la mgomba ambalo bado limejiviringa kama bomba. Jani hukunjuka baada ya siku chache, naye huhama. Mahali penye migomba mingi, chungulia kwa tochi hafifu kwenye mdomo wa bomba hilo mchana: utaona manyoya ya kahawia yamejibana chini. Usiingize kidole. Popo yeyote akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kuna pia Suncus infinitesimus, kirukanjia wa gramu 3 hivi anayepatikana Kenya na Afrika Kusini. Ni ndugu wa yule wa Etruria na mbadala wake kwa mtafiti wa hapa.

Kwa kundi la komba, kima na nyani, mdogo kuliko wote ni lemuri-panya wa Berthe wa Menabe, Madagaska, mwenye gramu 30, aliyeelezwa mwaka 2000. Jirani yetu ni komba wa Rondo, gramu 60, aliyeelezwa mwaka 1996, mwenye mkia kama brashi ya chupa. Anaishi kwenye mabaki ya misitu ya pwani ya Tanzania, toka Rondo mkoani Lindi hadi Pugu karibu na Dar es Salaam. Wote wawili misitu yao inaliwa na moto, mkaa na mashamba.

Na ukiulizwa kuhusu waliopita, yupo Batodonoides wa Wyoming, Marekani, wa miaka milioni 53 hivi iliyopita. Meno yake yanakadiria uzito wa gramu 1.3. Ni makadirio ya meno, si mzani, basi usimweke kwenye jedwali moja na walio hai.

Uchague kwa hali yako

Ukitunga swali la mtihani, andika kipimo ndani ya swali lenyewe. "Mdogo kwa uzito" jibu ni kirukanjia wa Etruria. "Mdogo kwa urefu wa mwili" jibu ni popo wa Kitti. Swali lisilo na kipimo lina majibu mawili sahihi, na utamnyima alama mwanafunzi asiye na kosa.

Somo likiwa la joto la mwili, mapigo ya moyo au lishe, mchukue kirukanjia na punje sita za mahindi. Likiwa la mapango, mawimbi ya sauti au spishi zilizo mahali pamoja tu, popo wa Kitti anabeba zaidi.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye fedha kidogo aanze na matonge ya bundi, ambayo hayahitaji kukesha na yanampa vipanya na virukanjia kwa pamoja. Mwenye wasaidizi wawili wa kupokezana zamu usiku ndiye afukie ndoo. Aliye peke yake abaki na mitego ya sanduku na kipanya.

Msafiri anayekwenda Thailand aombe mwongozaji wa hifadhi ya Sai Yok amwonyeshe mahali pa kusimama nje ya pango, na aende msimu usio na mvua. Aliye Oman anaweza kuwa anapishana na kirukanjia wa Etruria bila kujua. Aanze kwa kutafuta kituo cha bundi.

Mzazi anayetaka kumwonyesha mtoto kitu leo, bila kibali wala safari, atafute mgomba wenye jani lililojiviringa, atembee polepole, azime sauti ya simu, na amwinue mtoto mpaka jicho lifike usawa wa mdomo wa jani.